Siku Nilipolipiga Picha Jicho la Kimbunga

Kabla ya kupanda ndege inayokwenda kuingia katika kimbunga, usile mayai. Kula tende na kipande cha mkate mkavu, unywe chai ya tangawizi isiyo na maziwa, kisha nenda msalani hata kama huna haja. Haya sikuyasoma popote. Niliyajua kwa kumtazama mwenzangu mmoja akitapikia kofia yake mwenyewe, kofia nzuri, mpya, aliyoinunua kwa ajili ya safari ile ile.

Naanza na tumbo kwa sababu nyie vijana mkija kunizuru hapa Ibra, bara ya Maskati, hamuulizi tumbo. Mnauliza kamera. Mnataka kujua ilikuwa lenzi gani, filamu gani, tulikuwa juu kiasi gani. Mna vile vidude vyenu vyenye mapanga manne mnavirusha kutoka uani kwa mama zenu, na picha zenu nzuri, sikatai, nzuri kuliko zangu. Lakini juzi binti mmoja miongoni mwenu, msomi na mwenye adabu zake, aliniuliza mbele ya wageni: "Babu Salum, ile picha ya kimbunga iliyotundikwa ofisini, ulipokuwa unaipiga uliona raha?" Nikanyanyuka nikaenda kutawadha, na haukuwa wakati wa sala. Sikumkasirikia. Sikuwa na jibu fupi, basi nimekaa kuandika refu.

Kazi yangu, kwa wasioijua, ilikuwa kupiga picha za kuchorea ramani. Niliianza mapema miaka ya tisini, nchi ikichanwa barabara kila upande na kila mhandisi akitaka kuuona mlima kabla hajaupiga baruti. Ndege yetu ndogo ilikuwa imetobolewa tumboni, na juu ya tundu hilo imekaa kamera yenye uzito wa mbuzi wa Idi. Mimi hupiga magoti nyuma yake kama mtu anayechungulia kisima. Nizwa niliiona hivyo, mitende yake yote na mifereji yake ya falaji, kabla sijaweka mguu sokoni kwake. Sur naijua paa kwa paa, na mpaka leo nikiingia mjini napotea, kwani kutoka juu nyumba hazina milango.

Siri ya picha za ramani ni kulaliana. Kila picha sharti ilale juu ya mwenziwe kwa zaidi ya nusu, kama makuti ya paa, ndipo ukizitazama mbili pamoja ardhi huinuka na bonde huzama. Rubani akikengeuka kidogo tu panabaki pengo, na pengo maana yake mrudi tena kesho, kabla jua halijapanda na vumbi la joto halijafunika kila kitu. Ndiyo maana watu wa kazi ile walikuwa na macho mekundu na maneno machache asubuhi. Msidhani walikuwa na kiburi.

Aliyenifundisha alikuwa Mhindi wa Kerala, Bwana Kurian, mtu mwembamba mwenye hasira za karibu. Wakati ule tulibadilisha filamu ndani ya mfuko mweusi: unatia mikono miwili, huoni kitu, unafanya kwa kupapasa. Kurian alinifanya nimenye vitunguu thomu nimefumba macho mpaka vidole vikajifunza, na nyumbani mke wangu akawa ananikimbia kwa harufu. Ni yeye aliyenionyesha kupaka sabuni kavu kwenye kioo cha dirisha kwa ndani, halafu kuifuta mpaka isionekane, ili kioo kisipate ukungu. Mpaka leo hakuna dawa iliyoishinda hiyo. Ni yeye pia aliyenikataza kuivaa kamera ya mkono shingoni wakati wa misukosuko. Ifunge kwenye pete ya sakafuni, alisema, shingo unayo moja na kamera ofisi itanunua nyingine. Akafikiri kidogo, akaongeza: "Lakini afadhali uikamate."

Tulikuwa na vituko. Kabla ya kuruka sharti ardhini pawekwe alama za kupimia, na kule Al Mintirib, kwenye ukingo wa mchanga, tulitandaza vitambaa vyeupe vipana tukavikandamiza kwa mawe. Siku ya pili tuliporuka juu yake hapakuwa na hata kimoja. Tukaenda kuuliza. Bibi mmoja wa kibedui akatujibu kwa utulivu kabisa kwamba kitambaa kizuri kama kile hakiachwi jangwani kikaliwa na jua, na kweli, wajukuu zake wote walikuwa na nguo mpya. Kurian akataka kushtaki. Nikamwambia haya, mshtaki bibi huyu mbele ya wanawe, mimi nakusubiri garini. Tangu siku hiyo tukatumia chokaa.

Nimewachekesha kidogo kwa makusudi, maana huko mbele hakuna kicheko.

Katika miaka ya elfu mbili, Kurian keshastaafu na kurudi kwao, walikuja wageni na ndege ya injini nne, ngumu kama punda, kuchunguza mawingu ya bahari yetu. Mpiga picha wao akaugua mawe ya figo, wakaomba waazimwe mtu, nikaazimwa mimi. Rubani wao alikuwa mfupi, mpole, akiitwa Kepteni Bruno, mwenye tabia ya kuimba kwa chini kila mambo yanapokuwa mabaya. Tuliruka nao mara kadhaa juu ya mawingu ya kawaida na nikaona hii ni kazi ya kula mshahara wa bure. Kisha kikaja kimbunga.

Kwetu sisi kimbunga kilikuwa kitu cha khabari za ulimwengu kwenye televisheni. Wazee wa Sur walikuwa na visa vya tufani zilizomeza vyombo zamani, lakini visa ni visa, mtu husikiliza huku anakunywa kahawa. Mimi nilikuwa najua kidogo zaidi kwa kukaa na wale wageni. Nilijua kimbunga kinazunguka, na kwamba katikati yake pana tundu lisilo na upepo wala mvua, wanaliita jicho. Nilijua upepo ukikupiga halafu ukanyamaza ghafla, haukwisha. Uko njiani unakuja kutoka upande wa pili.

Wazazi wangu walikuwa wakikaa kijijini kwetu, upande wa Tiwi, pale wadi, bonde la mto mkavu, inapotoka milimani na kuingia baharini. Baba, Mzee Khalfan, alizaliwa Unguja. Tuliporudi huku, mimi bado mtoto, alichagua nyumba ya mwisho kabisa kijijini, juu ya ukingo, kwa sababu alisema majirani wa maisha yake amekwisha kuwamaliza. Siku hizo ninazozungumza alikuwa mzee sana na mapafu yake yamekufa nusu. Mdogo wangu Seif, wa baba mmoja mama mmoja, ndiye aliyekuwa akikaa naye, akimuogesha, akimlisha, akigombana naye. Makaburi yetu yako ng'ambo ya wadi. Kwa kawaida wadi ile ni mawe matupu, unavuka na viatu vyako.

Amri ilipotoka watu wa pwani wahamie skuli za juu, kijiji kilihama. Baba hakuhamishika. Walipojaribu kumlaza garini pumzi ilimkatika, wakamrudisha kitandani. Mama akasema haondoki, Seif haondoki, na jamaa zetu wanaume, watu wa heshima zao, wakaona aibu kuwaacha, wakabaki nao katika nyumba ile ya juu. Seif alinipigia simu Maskati kabla laini hazijakatika.

"Kaka, Mzee hali yake si nzuri. Hasemi tena."

"Nakuja."

"Utakuja na njia gani? Askari wamefunga barabara, huku mawimbi yashafika kwenye mitende."

"Basi niwekee simu mdomoni kwake."

Akaniwekea. Nikaisikiliza pumzi ya baba yangu, inakwenda, inakwama, inakwenda. Nikamwambia Seif: "Sikiliza, yaa Seif. Upepo utapiga, halafu unaweza kunyamaza, jua likatoka. Msitoke. Utarudi, na utarudi mbaya zaidi."

"Tutoke twende wapi sisi?" akasema. "Na mgonjwa huyu?"

Simu ikakatika hapo, na kesho yake asubuhi tukaruka.

Kuingia sitakuelezeni sana. Mvua haikuwa ikinyesha, ilikuwa ikirushwa, na juu ya bati la ndege ilisikika kama mtu anamwaga kokoto kwa ndoo na hachoki. Kila kitu kisichofungwa kiliruka. Kalamu moja ilitoka mfukoni mwa mtu ikachoma kiti karibu na sikio langu, kwa hiyo hili nalo lishikeni: mifuko iwe mitupu. Bruno alikuwa akiimba. Mimi nilikuwa nimekaza meno na kusoma sura nilizozihifadhi, na nilipozimaliza nikaanza tena. Ndege ilianguka mara moja vibaya sana hata nikaona miguu yangu mbele ya uso wangu. Nikasema nafsini mwangu, Salum, leo mkeo anakuwa mjane kwa sababu ya mawe ya figo ya mtu mwingine.

Halafu kukawa kimya, na jua likaingia madirishani.

Nilitazama nje nikasema Subhanallah kwa sauti. Tulikuwa ndani ya uwanja wa duara, mpana kama kutoka hapa Ibra mpaka Al Mintirib, mwendo wa nusu saa kwa gari, umezungushiwa ukuta wa mawingu meupe uliokwenda juu mpaka shingo inauma. Juu mbingu ya buluu, safi, haina habari. Chini bahari ilikuwa ikichemka bila ya kuwa na upande, mawimbi yanagongana yenyewe kwa yenyewe. Nilipaka sabuni yangu, nikatoa pumzi, nikapiga. Hiyo ndiyo picha mnayoiona ofisini. Kwa dakika chache zile, ndiyo, niliona raha, na uzuri ule sijauona tena. Sitaki kukuongopeeni.

Jicho lilikuwa linasogea kuelekea nchi kavu, na sisi tukazunguka nalo. Mara nikaona milima, mstari wa pwani, na wadi. Nikaijua wadi yangu kama mtu anavyokijua kiganja chake, maana niliipiga mara ngapi kwa ajili ya ile barabara mpya. Upepo wa kwanza ulikuwa umekwisha kupita juu yake. Nikabadilisha lenzi, nikatia ile ndefu, nikatafuta nyumba ya mwisho yenye tangi la maji la kijani. Nikaiona. Ilikuwa imesimama, na nikashukuru.

Kisha nikaona watu.

Walikuwa nukta nyeupe, kundi dogo, wanateremka kutoka nyumba ile kwenda wadini. Bruno naye alikuwa kachukua darubini yake. Akasema, "Wale wanaokoa mashua. Tazama, wanaibeba."

Nikatazama. Nukta za mbele zilikuwa zinarudi nyuma, na za nyuma zinakimbilia mbele, kisha hizo nazo zinarudi, na nyingine zinakimbilia. Kundi linakwenda huku linajisokota. Mtu asiye wetu hawezi kuijua harakati ile. Watu hawabebi mashua hivyo, wala mzigo wa aina yoyote. Hivyo hubebwa jeneza, kila mtu akitaka bega lake lipate thawabu yake, anashika hatua chache anampisha mwenziwe.

"Siyo mashua," nikamwambia. "Ni maziko."

Na jeneza lilikuwa limetoka nyumba ya tangi la kijani. Ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha baba yangu. Hakuna aliyenishika mkono akaniambia. Niliiona ndani ya lenzi, na kidole changu kikapiga picha chenyewe, kwa sababu Kurian alikifundisha kupiga kwanza na kuelewa baadaye.

Wakaivuka wadi. Maji yalikuwa kidogo tu wakati ule, niliwaona hawakukawia. Mvua ya pwani ilikuwa imeshuka yote baharini, ya milimani huchelewa. Lakini mimi nilikuwa na macho wasiyokuwa nayo wao. Juu ya kijiji, pale wadi inapojikunja baina ya milima, kitu cha rangi ya chai ya maziwa kilikuwa kinajaza bonde zima, kinashuka. Na nyuma yetu ukuta wa pili wa kimbunga unakuja. Nikamshika Bruno bega, kitu kisichofaa kumfanyia rubani.

"Yule ni baba yangu," nikamwambia. "Na wale ni ndugu zangu. Maji yatawakuta upande wa makaburi."

Hakuuliza mara mbili. Akaita mnara wa Maskati kwa Kiingereza, akaeleza, akataja jina langu. Sauti ya kijana ikasema, "Mpe redio huyo Salum." Nilipoishika akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili chetu kabisa: "Kaka, sema kwa lugha yetu, wakati haupo. Unaona nini?"

"Naona maiti anapelekwa makaburini ng'ambo ya wadi, na maji yanashuka toka mlimani. Mna askari karibu?"

"Wako Tiwi, wana gari na kipaza sauti. Maiti wa nani?"

"Baba yangu mzazi."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sasa unataka niwaambie nini?"

"Waambie wamwache, warudi."

"Wamwache maiti, kaka? Juu ya ardhi?"

"Popote alipo. Wamwache."

"Wallahi hawatasikia," akasema. "Mimi nisingesikia."

"Waambie ni maneno ya Salum bin Khalfan, mwanawe mkubwa. Dhambi iwe juu yangu."

Akaitikia haya, na sauti ikaondoka. Bruno akazunguka tena, akashuka chini kuliko alivyoruhusiwa, mpaka rubani mwenziwe akaanza kumfokea. Niliwaona wamefika makaburini, wamekusanyika pamoja. Niliona gari dogo upande wa kijijini, limesimama ukingoni mwa wadi. Nikaona nukta zinaachana na kundi, zinakimbia kurudi, moja, tatu, nyingi. Nikasema alhamdulillahi, wamesikia.

"Siwezi zaidi ya hapa, Salum," Bruno akaniambia. "Tukibaki tutakufa na sisi." Hakuwa anaimba tena.

Tukaingia kwenye ukuta. Nililia njia nzima na nikapiga picha njia nzima. Msiniulize vipi.

Yaliyotokea chini niliyapata kwa binamu yetu Hamdani, aliyekuwa kwenye jeneza lile. Nilifika kijijini kwa gari la askari pale njia zilipofunguka, na yeye ndiye aliyenipokea, mkono wake umefungwa. Tukakaa juu ya ukuta uliovunjika.

Baba alikata roho alfajiri, upepo ukiwa katika ukali wake. Wakamuosha na kumkafini chumbani, paa linapiga kelele hata hawasikilizani. Kisha upepo ukakatika na jua likatoka. Baadhi yao wakasema tungojee. Ni Seif aliyekataa.

"Alituambia nini unajua?" Hamdani akasema. "Alituambia, kaka yangu kanipa habari kwa simu, upepo huu utarudi mbaya zaidi. Ukirudi, nyumba hii inaweza kwenda na maji, na Mzee akaenda nayo, tukaja kumuokota baharini na samaki. Yallah, tumzike kabla haujarudi."

Nilikaa nikasikiliza hayo. Nilimwambia msitoke, na yeye akachukua maneno yangu yale yale akapata sababu ya kutoka. Na nikimfikiria, siwezi kusema alikosea. Sisi kwetu maiti hawekwi. Anayempenda maiti wake humharakishia, na Seif alikuwa akimpenda.

Askari walipofika ukingoni na kipaza sauti, maiti alikuwa kashatiwa mwanandani, katika kaburi ambalo wawili wao walitangulia kulichimba, wamo katika kupanga viunza, mbao za kumfunikia. Wakasikia: Salum bin Khalfan anasema mwacheni, rudini, maji yanashuka. Watu wakatazamana.

"Seif akacheka," Hamdani akaniambia. "Wallahi akacheka. Akasema, Salum yuko Maskati anakula mkate, atayaona wapi maji? Askari akapiga kelele, yuko kwenye ndege juu yenu! Tukainua vichwa, tukakuoneni. Kidude kidogo, kinameremeta. Hapo ndipo tulipoamini."

"Na yeye?"

"Na yeye akaamini. Akasema, basi nyie khalas, nendeni, mna watoto. Mimi nabaki nimfukie. Siwezi kumwacha Mzee wazi, maji yatamtoa. Tukamshika huku na huku, akatusukuma. Mimi nilimvuta kwa kanzu mpaka ikapasuka. Akanambia, Hamdani, mwambie Salum nikimaliza nitakuja, na kama ana shaka na kazi yangu aje aikague."

Walipovuka, maji yalikuwa yamewafika kiunoni. Mtu mmoja alichukuliwa wakamkamata kwa kilemba. Waligeuka wakamuona Seif anatupa udongo, anapanga mawe juu yake, hana haraka hata moja. Kisha maji yale ya rangi ya chai ya maziwa yakaja na upepo ukarudi kutoka mlimani, na hawakuona kitu tena.

Wavuvi wa Ras al Hadd ndio waliomleta. Sitasema alikuwaje. Tulimzika upande wa kijijini, kwa sababu ng'ambo hapakuwa bado na njia. Maji yalipotulia nikavuka kwenda kumuona baba. Makaburi ya chini yote yalikuwa yameondoka, hata alama zake. La baba lilikuwa zima. Mawe yamepangwa moja baada ya jingine, makubwa chini, madogo juu, yamekazwa kwa changarawe, kazi safi. Nilichuchumaa nikajaribu kulitikisa jiwe moja, halikutikisika. Nimeikagua, Seif. Sina la kusema.

Nilirudi kazini, kwani wanangu walikuwa skuli na ada haingojei. Niliruka miaka kadhaa tena, mpaka kamera za filamu zikatolewa na zikaja zile zinazofikiri zenyewe, na mtu wa kupiga magoti juu ya tundu hakuhitajika. Wale wageni waliipenda picha ya ukuta wa mawingu, wakaniletea nakala yenye fremu, ndiyo hiyo ya ofisini. Ile ya pwani, niliyoipiga watu wakiwa makaburini, sikumpa mtu. Niliikuza mwenyewe nikaifungia kabatini.

Siku zile nilipoikuza, mama, Bi Zuwena, alikuwa bado katika eda ya Mzee, amekaa chumbani kwake na nguo zake nyeupe, macho makavu. Siku moja, nimemuamkia shikamoo na kukaa, akasema: "Hamdani kanambia ulipiga picha. Niletee."

"Picha gani, mama?"

"Salum."

Nikamletea. Akavaa miwani yake, akaiweka magotini, akaigeuza mpaka akaipata bahari, kisha wadi, kisha nyumba yake. Akaniuliza, "Seif yuko wapi hapa?"

Nikamwambia haijulikani. Nikamweleza kwamba kutoka juu mtu hana uso wala urefu, kila mmoja ni tone jeupe tu. Hakunisikiliza. Alifuata njia kwa kidole, kutoka mlangoni, akateremka, akavuka, akafika makaburini, akatafuta sana. Akakituliza kidole pahala pamoja.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye mwanangu."

Nikainama kutazama. Ningeweza kunyamaza. Lakini miaka yote ile nilikuwa nikilipwa kwa kusema kilichomo katika picha.

"Siye, mama. Hilo ni jiwe."

Hakukiondoa kidole.

"Basi hilo jiwe lilikuwa naye," akasema. "Wewe ulikuwa juu."